Pumzi Yangu Umeiweka Wapi?

Swali hilo niliulizwa jioni moja ya masika na mama mmoja wa kwaya, ndani ya chumba tunachorekodia hapa Nyarugusu. Alikuwa amevaa hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, anasikiliza wimbo wake mwenyewe ambao nilikuwa nimekesha nikiutengeneza. Mimi nangoja asante. Akavua hedifoni taratibu, akaniangalia, akasema: "Mwanangu, huyu anaimba vizuri sana. Lakini pumzi yangu umeiweka wapi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kumbe hatanii. Tangu siku ile swali lake silimalizi, na ninaliandika hapa kwa sababu naona si la muziki peke yake.

Chumba chenyewe usikifikirie sana. Ni chumba cha nyuma nyumbani kwetu, kuta za matofali ya tope, bati juu. Tumetundika mablanketi mawili ukutani ili sauti isirudi, na mlangoni tunaegemeza godoro. Kuna laptopu moja ya zamani na maiki moja ya kuchomeka kwenye USB. Mbele ya maiki tumeweka soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya, ili herufi P na B zisipige kama ngumi. Mwimbaji anasimama umbali wa shibiri moja. Programu ni Audacity, ya bure, inafanya kazi bila intaneti. Umeme ni wa sola, kwa hiyo tukirekodi tunahesabu dakika za betri. Mashine ya kusaga ikiwaka, tunasubiri. Mvua ikigonga bati, tunafunga kazi, tunachemsha chai. Vijana ninaofanya nao kazi wanapaita studio, na mimi siwakatazi.

Yule mama hakuja kutafuta umaarufu. Binti yake alihamishiwa Marekani miaka kadhaa iliyopita, na sasa alikuwa anaolewa kule. Mama hawezi kwenda, hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa hapa. Siku mama mwenyewe alipoolewa, upande wa Fizi, mama yake alimwimbia wimbo mmoja wa Kibembe kabla hajatoka nyumbani, na sasa alitaka na yeye amwimbie wake. Wimbo ungepigwa kwenye spika ukumbini, watu wanyamaze, halafu harusi iendelee. "Hapo nitakuwa nimefika," aliniambia. Yaani kile kitakachokuwa ndani ya faili ndicho kitakachosimama mahali pa mama.

Aliimba mara saba. Amepita miaka 60, moshi wa kuni umemkaa kifuani, anakohoa. Mara ya kwanza alikohoa katikati ya wimbo. Mara ya tatu sauti ilikatika, akanyamaza, nikasikia kwenye hedifoni anameza mate, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea. Mara ya sita ilikuwa nzuri kabisa, ila neno moja la mwisho lilishuka chini ya noti yake.

Usiku nikafanya kile ambacho kila anayejifunza kazi hii anakifanya akishaanza kuiweza: nilikata. Nikachukua mwanzo wa mara ya sita, katikati ya mara ya pili, mwisho wa mara ya saba. Lile neno lililoshuka alilisema vizuri zaidi mara ya sita, basi nikalichukua hilo hilo na kulipandisha kidogo mpaka likakaa. Kelele ya nyuma nikaiondoa: unachagua sekunde chache ambazo hakuna anayeimba, programu inajifunza ile kelele ilivyo, kisha inaifuta kila mahali. Kikohozi, nje. Ule ukimya wa kumeza mate, nje. Halafu nikaanza pumzi. Kwenye kioo cha kompyuta pumzi inaonekana wazi, kivimbe kidogo kati ya mstari na mstari. Nilivitoa kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Kulipopambazuka nilikuwa na wimbo msafi wa dakika 4 ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuimba.

"Atajuaje kama ni mimi?" mama aliendelea. "Ule mstari mrefu unanichosha, navuta hewa katikati. Yeye anajua. Anajua tangu yuko mgongoni. Huyu wako hapumui. Mtu asiyepumua si ni maiti?"

Nilizima kompyuta, nikasema betri imeisha. Ilikuwa bado robo.

Jibu langu la kwanza, nilipobaki peke yangu, lilikuwa rahisi: nimedanganya. Nimemtengeneza mtu ambaye hayupo na nilitaka kumtuma harusini. Basi kuanzia leo sitagusa kitu. Mtu akikohoa, kikohozi kibaki. Akikosea, kosa libaki. Jibu hili lilinipendeza sana, na nadhani najua kwa nini. Sisi watu wa kambini tumezoea kuhojiwa. Unaeleza ulivyokimbia, miaka inapita, unaeleza tena mbele ya mtu mwingine mwenye karatasi nyingine, na ole wako tarehe ikibadilika. Tumejifunza kwamba ukweli ni kusema kitu kilekile bila kuongeza wala kupunguza. Na mimi nikaichukulia sauti ya mama kama maelezo ya mahojiano. Ukiigusa, umeiharibu.

Lakini ukikaa na maiki muda mrefu, jibu hili linaanza kuvuja. Maiki iliyo umbali wa shibiri moja inasikia vitu ambavyo hata mimi niliyekaa mlangoni sivisikii: ulimi ukigusa meno, mate, hewa inayoingia puani. Halafu ukisawazisha sauti ili maneno ya chini yasikike sawa na ya juu, vile vidogo navyo vinapanda. Pumzi inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kinywani mwa mtu. Sasa binti anaijua pumzi ipi? Anaijua ile ya mama aliyekaa ng'ambo ya jiko, si ya mama aliyemwekea mdomo sikioni. Kwa hiyo hata kama ningeacha kila kitu, bado ningemtumia pumzi ambayo si ya mama yake. Faili lisiloguswa halipo. Kuamua maiki ikae wapi ni kugusa. Kusubiri mashine ya kusaga inyamaze ni kugusa, maana mama yule anaishi na mashine ile kila siku.

Wala si jambo la kompyuta tu. Siti binti Saad alipotoka Zanzibar mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, hakukuwa na kurekebisha neno moja. Ukikosea, unaanza upya. Mtu anaweza kusema hizo ndizo sauti za kweli. Ila santuri za wakati ule zilibeba kama dakika 3 upande mmoja, na taarabu mbele ya watu haihesabu dakika. Wimbo mrefu ilibidi ufupishwe au ugawanywe ndipo uingie. Mkasi ulikuwepo, isipokuwa ulifanya kazi kabla mtu hajafungua kinywa.

Hapa namkumbuka kijana mmoja wa kundi letu, ana miaka 19, anaimba bongo fleva. Yeye ni kinyume cha mama kabisa. Anataka sauti yake ipitishwe kwenye kile kiprogramu cha kunyoosha noti mpaka ilie kama chuma. Asili yake ni Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997. Aliyeiunda, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi ambaye kabla ya hapo alishughulika na mawimbi ya sauti yanayotumika kutafuta mafuta chini ya ardhi. Yeye alitaka kosa dogo linyooshwe bila msikilizaji kugundua. Mwaka uliofuata Cher akatoa wimbo wa "Believe", kifaa kimekazwa mpaka mwisho, na dunia nzima ikagundua. Tangu hapo vijana hawaombi kufichiwa kosa, wanaomba ile sauti ya chuma yenyewe.

Siku moja alikuja mgeni wa shirika fulani kusikiliza nyimbo za vijana kwa ajili ya video fupi. Mtu mwema, nasema bila kejeli. Akausikiliza wimbo wa yule kijana, akauliza kama tunao bila hiyo mashine, kwa sauti yake halisi, labda na gitaa peke yake, nje pale, na watoto wakisikika wanacheza. Kijana akanivuta pembeni: "Yaya, na wasanii wa kwao wanaambiwa hivyo?" Sikuwa na la kumjibu. Alikataa kwa adabu, na video ikatoka bila yeye.

Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma ukurasa huu, nasema kwa heshima. Mkituomba sauti halisi, na huko pia ni kurekebisha. Mmeshaamua halisi isikikeje: vumbi, watoto, gitaa moja. Kijana yule ameishi maisha yake yote hapa kambini, na katika maisha hayo hayo simu yake imejaa nyimbo za Dar es Salaam. Ile sauti ya chuma ni halisi kwake kuliko gitaa ambalo hana.

Sasa kama kila sauti imeguswa, je, lolote linafaa? Hapana. Kama lingefaa, swali la mama lingekuwa ushamba tu, na halikuwa ushamba.

Nilivyowaweka wawili hawa pamoja ndipo nilipoanza kuona kitu. Kijana hamdanganyi mtu. Anayemsikia anajua mashine imepita hapo, kama anayemwona mtu amepaka rangi ya mdomo. Mimi kwa mama nilifanya kinyume: nilificha mikono yangu. Kazi yangu ilikuwa nzuri kwa kadiri ambavyo haikuonekana. Nikajiambia, basi kosa haliko kwenye kukata, liko kwenye kukata ili mwenzako asijue. Nikalala na jibu hilo, asubuhi nikaliona nalo lina tundu.

Tundu lenyewe ni picha. Mtu wa hapa akitaka kumtumia ndugu picha, anaazima koti. Anasimama mbele ya maua ya kanisa, hasimami mlangoni kwake ambako maji ya mvua yamechimba shimo. Anaficha, tena kwa makusudi, na hakuna anayemwita mwongo. Kwa nini? Kwa sababu anayetuma anajua na anayepokea anajua kwamba picha ni ya kuvaa vizuri. Anayepokea anapunguza mwenyewe: anaona koti, anasema, hili koti ni la nani tena?

Sauti hatuipunguzi. Ukipiga simu nyumbani, ukaambiwa "tuko wazima", husikilizi neno, unasikiliza lilivyosemwa. Kwa sauti unajua kama mama amekula, kama amelia asubuhi, kama anaongea akiwa amelala. Watu wanaokaa nyumba moja wana macho. Sisi tuliotawanyika, mmoja Kigoma, mwingine Uvira, mwingine sijui jimbo gani la Marekani, tumebaki na sikio. Ndiyo maana kumvalisha mtu sauti ya kuazima si sawa na kumvalisha koti. Binti yule angesikiliza wimbo ule kama mtu anayesoma majibu ya hospitali, na mimi nilikuwa nimeyaandika upya kwa sababu hayakupendeza.

Nikamwita mama tena. Safari hii nilimkalisha mbele ya kioo, nikamweleza kila nilichofanya, kipande kwa kipande, na ile mara yake saba yote tukaisikiliza. Niliona aibu kidogo. Yeye hakuona. Alifurahia kuona sauti yake ina umbo, akawa ananyooshea kidole vile vivimbe: "Hii nayo ni pumzi? Na hii?" Tukazirudisha zote, mimi nikizishusha mpaka zikawa kama nilivyozisikia nilipokuwa nimekaa mlangoni. Ule ukimya wa kumeza mate, alisema uache. Tukafika kwenye lile neno la mwisho nililolipandisha.

"Hapa umefanya nini?"

"Neno lilishuka, mama. Nikalinyoosha."

"Halikushuka. Ndivyo linavyoimbwa. Mama yangu alilishusha hivyo hivyo."

Fikiria. Nilikuwa nimesahihisha kitu ambacho hakikuwa kosa. Mimi nimejifunza muziki kwa kinanda cha kanisani chenye noti 12 tu. Bibi wa binti alikuwa ndani ya neno lile, na mimi nilishamtoa. Hili linaniumiza kuliko pumzi zote, maana pumzi nilijua ninaziondoa. Neno lile nilidhani ninalisaidia.

Tukabaki na kikohozi. Mara ya sita pia kilikuwepo, kidogo, kabla ya mstari wa mwisho. Mimi wakati huo nimeshaokoka, nataka ukweli mtupu, nikamwambia hiki nacho tunakirudisha.

"Kikohozi toa," akasema.

"Mama, si ndiyo wewe mwenyewe?"

"Kikohozi si mimi. Kikohozi ni moshi." Halafu akasema polepole: "Akisikia kikohozi hatacheza. Ataanza kuhesabu nauli ya kuja, na nauli hana, na mimi kibali sina. Ni siku moja tu. Mwache acheze."

Nikakata.

Najua unachofikiria. Nimetoka kuandika hapo juu kwamba kukata kwa siri sauti ya mtu aliye mbali ni kama kuandika upya majibu ya hospitali, na kikohozi ndiyo majibu yenyewe. Ni kweli, na sina njia ya kulikwepa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mama ana haki ya kuchagua siku ya kumpa mtoto wake habari mbaya. Kila mzazi amewahi kuficha homa ili mtoto aende kwenye mtihani. Mimi sina haki hiyo. Nilipokitoa kikohozi usiku ule wa kwanza, kilikuwa uchafu kwangu, kinaharibu wimbo. Alipokitoa yeye, kilikuwa habari yake, akaishikilia. Mkasi ule ule, sekunde zile zile, na bado naona ni mambo mawili. Kama kuna msomaji anayeona ni jambo moja, namkaribisha aniandikie, na sitakasirika.

Harusi ikapita. Siku mbili baadaye binti akanitumia ujumbe WhatsApp. Asante kaka, watu walilia, hata wasiojua Kibembe. Halafu chini yake: "Mama sauti yake nzuri kweli. Kifua kimepona?"

Nilishika simu ile muda mrefu. Kumbe mama alichagua kunyamaza, lakini swali limekuja kwangu, na kinywa kitakachojibu ni changu. Nikiandika "kimepona", huo sasa ni uongo wangu mimi, hauna uhusiano na muziki. Nikiandika "hakijapona", nimemnyang'anya mama kitu alichokuwa anakishikilia kwa mikono miwili. Niliandika: "Ngoja nimpelekee simu, muulize mwenyewe."

Nikatembea mpaka kwake. Alikuwa anapika. Alisoma ujumbe, akaniambia nikae nje. Nilikaa karibu na ua wa matete. Nikamsikia anaongea, ananyamaza, anaongea tena, na katikati anakohoa. Alichosema sikijui. Aliponirudishia simu ilikuwa na moto wa mkono wake, akaniambia nile ugali kwanza.

Siku hizi studio yetu ina utaratibu mmoja mpya. Aliyeimba anakaa pembeni yangu wakati ninakata, mpaka mwisho. Vijana hawapendi. Kazi ya jioni moja imekuwa ya jioni tatu, na betri ni ile ile. Yule kijana wa sauti ya chuma ndiye anayelalamika kuliko wote, maana anaamini mimi ndiye ninayemchelewesha asitoke kisanii. Wiki iliyopita tulibishana juu ya pumzi moja tu kabla ya kiitikio, yeye anataka itoke, mimi nataka ibaki, mpaka laptopu ikazima. Ilibidi tungoje jua la asubuhi, na asubuhi niliitoa. Wimbo ni wake.